Mwenyekiti Afunge Maombi

Kila Ijumaa saa saba mchana, wanafunzi Waislamu wa shule ile ya Kariakoo walipokwenda msikitini, Wakristo walibaki wakapewa mafagio. Hakuna aliyewahi kueleza Ukristo unahusiana vipi na kusugua vyoo. Ndipo Benedikta wa kidato cha pili, ambaye walimu wengi walikuwa hawajaisikia sauti yake, akaandika barua kuomba kikundi cha maombi.

Mkuu wa shule akajibu: watafute mwalimu mlezi, na yeye mkuu angepita kukagua Ijumaa saa saba na nusu. Akikuta kelele, warudi vyooni.

Walimu Wakristo wote walikuwa na udhuru. Aliyekubali ni Mwalimu Mauza wa jiografia, mama wa Kiislamu. "Mimi nasahihisha madaftari yangu," alisema. "Nyinyi ombeni."

Uenyekiti akapewa Benedikta. Wakatoliki walimchagua kwa kuwa ni mwenzao, walokole kwa kuwa waliona hatawasumbua.

Ijumaa ikafika. Kwa heshima, Benedikta akamwachia Aaron, mlokole, afungue.

"Bwana asifiwe! Kila mtu apaze sauti aombe!"

Walokole kumi na mmoja wakaomba kwa mpigo, kila mtu na yake, hata wapagazi huko barabarani wakageuka kutazama. Wakatoliki wakafanya ishara ya msalaba, wakatulia.

Sasa, kwa walokole maombi ya namna hiyo hayaishi mpaka kiongozi, hapa mwenyekiti, ayafunge. Kwa Benedikta, ukimkuta mtu anaomba unamwacha amalize. Basi yeye akawasubiri wao, na wao wakamsubiri yeye.

Waliombea mitihani, wazazi, taifa. Dakika ya kumi na tano Aaron akafumbua jicho moja, akamwona mwenyekiti ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, akaendelea. Mambo ya kuombea yakaanza kuadimika. Mmoja akaiombea mitaro ya Jangwani isifurike mvua ikija. Mwingine akaiombea timu yake, kisha, kwa kukosa la kusema, timu pinzani.

Saa saba na dakika ishirini na tano Mwalimu Mauza akaweka kalamu chini.

"Benedikta."

"Abee, madam."

"Unangoja nini?"

"Wamalize."

"Watamalizaje hujawafungia? Mimi kule Ilala nimepakana ukuta na kanisa lao, mwaka wa tisa huu. Mkubwa wao anawapita wote kwa sauti, anasema kwa jina la Yesu, wanaitika amina, mtaa unapumua. Paza sauti, mwanangu. Mkuu yuko kwenye ngazi."

Benedikta akasimama. "Kwa jina la Yesu," akasema.

"Eti?" akauliza Euphrasia, aliyekaa ubavuni pake.

Benedikta akavifikiria vyoo vya wavulana. Akavuta pumzi.

"KWA JINA LA YESU!"

"Amina!" Walokole wakajitupa vitini. Aaron alikuwa amekauka koo. "Dada," akanong'ona, "ulitaka tufe?"

Mkuu akaingia. Akakuta darasa kimya, watu wametota jasho, na mmoja tu kasimama.

"Nani kapiga ukelele ule?"

"Mimi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Wenzako wote wametulia hivi, wewe kiongozi ndiye unayefoka?"

Hakuna aliyemtetea. Waliotaka hawakuwa na sauti.

Mkuu akachukua ile barua, akaandika chini yake: *Ruhusa imetolewa. Mwenyekiti apunguze sauti.*

Benedikta akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mkuu akamwambia arudie, hajasikia.