Mgawo wa Vilima

Jumanne, saa nne asubuhi, mchora ramani alikuwa anachonga penseli mkurugenzi alipoingia na kusema kwamba vilima vya mawe vya wilaya vimekaa ovyo. Huku kumi vimebanana kama wambea, kule tambarare tupu. Alitaka vigawanywe sawasawa, kimoja kwa kila mwendo wa nusu saa.

Mchora ramani hakubisha. Ana watoto wanne na kazi moja. Alifuta, akachora upya kwa wino. Vilima vya pale vimezoea kufuata ramani, kwa hiyo baada ya chakula cha mchana vilianza kuhama, vikubwa mbele. Trafiki alivisimamishia magari vikavuka barabara.

Kimoja, kwa vipimo, kilipaswa kutua katikati ya shamba la mkurugenzi.

"Hicho kisogeze kidogo," mkurugenzi alisema, akitazama dirishani.

Kidogo hicho kilikifikisha kwenye kishamba cha shangazi yake mchora ramani, kitu pekee alichoachiwa na marehemu mumewe.

Kesho yake shangazi alifika ofisini na udongo miguuni. "Mwanangu, kilima kimenikalia maharage."

"Mimi nachora tu, shangazi." Alijifanya anatafuta rula.

"Basi kichore kwingine."

"Wino umeshakauka. Labda uongee nacho mwenyewe."

Kwa kuongea, shangazi hana mpinzani. Alipanda kileleni na kigoda chake, akakisema kilima kutwa: uvivu wake, unene wake usio na haya, ukoo wake mzima. Siku ya tatu kilima kilichoka. Kilijikokota, yeye juu yake bado anasema, kikaenda kutua kwenye shamba la mkurugenzi, pale pale vipimo vilipotaka.

Mkurugenzi alikuja na faili na mchora ramani wake. Alikizunguka kilima mara mbili, akaridhika kwamba kimekaa kihalali, akakiandikia hati na kuigonga mhuri. Kisha, kwa kuwa amepoteza eneo, alijiandikia fidia: kishamba cha maharage, ambacho kwenye ramani bado kilikuwa kilima, na kwa hiyo hakikuwa na mwenyewe.

Mchora ramani alichora mpaka mpya palepale.

Shangazi aliinama kutoka juu. "Na mimi umenichora wapi?"

"Ramani haina alama ya watu, shangazi."

Kilima kilijisogeza kidogo, ili shangazi apate pa kuegemeza mgongo.