Herufi za Misiera

Jua lilipoanza kushuka, Apollinarie alitandika mkeka nje ya nyumba yake hapo Misiera, kijiji cha wakimbizi, akachambua maharage. Herufi zilikuwa bado njiani zikitoka mjini Mbarara.

Zilikuwa zake. Masista wa Burundi ndio waliomfundisha mwandiko ule: mwembamba, umeinama kidogo, mkia wa g ukienda na kurudi kama mtu aliyesahau mwavuli. Aliyeusoma alipunguza sauti bila kuambiwa.

Alipoandika kwa mkono kadi ya harusi ya binti yake Doriane na kuipeleka Mbarara ikachapwe, mchapaji Naboth alimwomba herufi zote, kubwa na ndogo. Akampa. Tarakimu hazikuombwa, hakuziandika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Naboth alizitia kwenye kompyuta bila kuvunja mkia hata mmoja, zikawa fonti. Akaipa jina la mkewe, Natukunda.

Mji ukapendeza. Kadi za harusi, maboksi ya keki, milango ya saluni, vyote vikavaa mwandiko ule. Hata kibao cha muuza matairi kilionekana kina adabu.

Ila kila jioni herufi zilishuka vibaoni, zikapanda lori la magodoro hadi Rwekubo, kisha zikamaliza njia kwa miguu hadi kwa Apollinarie. Mjini zilibaki tarehe na namba za simu tu. Watu walizoea. Aliyetaka saluni jioni alipiga namba, akauliza kama hiyo ni saluni.

Siku hiyo Naboth naye alikuja, akaketi mkekani, akapewa chai.

“Nyabo, mama, hizi herufi zinanisumbua,” alisema. “Kastoma anapeleka kadi nyumbani, jioni anafungua, iko tupu. Ziambie zilale mjini.”

“Ni batoto, patron. Mutoto analala fasi mama yake iko.”

“Sasa tufanye nini?”

“Uziite jina yangu. Zikiwa na jina yangu kule, hazitanitafuta huku.”

Naboth alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya.

“Jina lako ni zuri, nyabo. Lakini bibi yangu nitamwambia nini?”

Apollinarie aliumia. Akamwongezea chai.

Herufi zikafika, zimejaa vumbi la barabara. Zilipanda ukuta wa udongo, zikajipanga kama kawaida yao, A kubwa ikitangulia, mpaka jina Apollinarie likaenea kutoka mlangoni hadi dirishani. Naboth alivua kofia. Alisema hajawahi kuona herufi zikikaa vizuri namna hiyo, hata kwenye kadi za mawaziri. Kisha akapiga picha, ya kutangazia fonti yake.

Alfajiri zilijikung'uta, zikaenda Mbarara kuitwa Natukunda. Apollinarie alizisindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikanda udongo, akausiliba ukuta upya, ili jioni zikute pasafi.