Mtini wa Gaetano

Katika mtaa wa Waitaliano pale mjini Providence, mwanamke angeweza kukosa herini na bado akaheshimiwa, mradi uani kwake pawe na mtini. Concetta alikuwa nao. Marehemu mumewe, Gaetano, alivuka bahari kutoka Calabria na kijiti kilichoviringishwa kitambaa kibichi, akakipanda kabla hajapata hata kitanda. Miaka yote, beseni la kwanza la tini zao ndilo lililowekwa miguuni pa sanamu ya Bikira kwenye sikukuu ya Septemba, na Concetta alitembea nyuma ya sanamu hiyo kama mama wa bibi harusi.

Mwaka jana beseni lililotangulia lilikuwa la Mafalda, jirani wa ng'ambo ya ukuta. Tini nyeusi, nene. Padri alikula mbili, akafumba macho. Tangu hapo usingizi ulimruka Concetta. Wivu ulimkaba hata kanisani. Alipiga magoti akiomba mvua ya mawe inyeshe upande mmoja tu wa ukuta.

Baridi ya huko huua mitini, hivyo kila Novemba watu huilaza shimoni na kuifukia, kisha kuifukua Machi, siku ya Mtakatifu Yosefu. Hakuna anayetangulia. Safari hii Concetta alitangulia. Februari ilipoleta jua kidogo, alichukua sepetu akaufukua wake, uwahi kuchipua.

Mafalda alichungulia. "Shoga, Yosefu bado hajafika."

"Wako ndiye kachelewa. Wangu yuko jikoni anakunywa kahawa."

Wiki ile ile theluji ikaanguka. Hadi Juni hapakuwa na jani. Concetta alichimba, akakuta mizizi imeoza. Mti wa Gaetano umekufa, na aliyeuua ni yeye. Alikaa kwenye udongo akalia bila kujali nani anaona.

Mafalda alikuja na mche ndani ya kopo la nyanya. "Panda huu. Ni ule ule wako."

"Wangu kivipi?"

"Gaetano alinikatia tawi alipoanza kuugua. Alisema mti ukiwa mmoja, ukifa ndiyo basi."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema ungemkata vidole."

Ni kweli, angemkata. Kumbe tini zilizomkosesha usingizi zilikuwa zake mwenyewe. Lakini roho ilimuuma zaidi ya mwanzo: aliwaza Gaetano amesimama ukutani na kisu, akinong'ona na mwanamke mwingine, na yeye yuko jikoni anakoroga mchuzi, hana habari. Alitamani kulirusha kopo lile barabarani. Akanusa jani. Lilinuka mikono ya Gaetano.

"Sijakusamehe," alisema, akilipokea.

"Najua. Umwagilie jioni."

Concetta aliupanda katikati ya ua. Akatazama ukuta, akafikiri, akaung'oa mche taratibu. Akaenda kuupanda kwenye pembe nyuma ya banda, ambako Mafalda, hata akipanda kiti, hatauona ukikua.