Brashi ya Alumini Tu

Karakana yangu ina viti viwili, na kimoja kilikuwa na vumbi la miaka sita. Sikukifuta. Mteja akitaka kukikalia nilikuwa namwambia mguu wake mbovu. Ulikuwa uongo wa kijinga, kwa sababu kila mtu mtaani anajua miguu ya viti inatengenezwa kwangu.

Kiti hicho kilikuwa cha Pacha. Hatukuzaliwa pamoja. Watu ndio waliotubandika jina hilo baada ya kutuona bega kwa bega miaka kumi na tisa. Jina likamganda yeye, mimi nikabaki Fundi. Mke wangu alipofariki, Pacha ndiye aliyekaa mbele yangu na sahani mpaka nikala. Binti yangu ameolewa mbali na hupiga simu Jumapili. Siku sita zinazobaki naongea na mashine, na mashine nayo haina habari mpya.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe. Chuma kinasamehe uchafu, alumini haisamehi. Alumini kuukuu iliyoliwa na maji ya chumvi huota unga mweupe, na ukiichomelea hivyo hivyo inakutolea vitone vyeusi kama pilipili manga, mshono ukajaa vishimo. Ndiyo maana tulikuwa na brashi moja ya waya usioshika kutu, na kwenye mpini Pacha aliandika ALUMINI TU. Ikigusa chuma cha kawaida mara moja, imekwisha. Tulikuwa pia na neno letu: kutapisha. Unapitisha moto mtupu bila waya wa kujazia, uchafu unapanda juu, unazima, unasugua, unarudia. Pacha alikuwa akiinama na kusema, "Tapika, mwanangu. Tapika yote."

Miaka sita iliyopita alikuja Mama Maji, mwanamke anayesimamia pampu ya zahanati. Bodi la pampu, yaani ganda lake la alumini, lilikuwa limepasuka. Tulilichomelea, na wiki mbili baadaye akalirudisha likivuja palepale. Nikatazama mshono: pilipili manga. Nikaenda ukutani kwenye msumari wa brashi: brashi ina kutu. Damu ikanipanda kichwani. Nikamwuliza Pacha, mbele ya mteja, amesugulia chuma gani.

"Sijasugua chuma," alisema.

"Kumbe kutu imetoka mbinguni? Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Hakupandisha sauti. Alivua glavu moja moja, akachukua kofia yake ya kuchomelea. "Kama mimi ni chawa," alisema, "acha nitoke nguoni mwako."

Nilikuwa na hakika atarudi Jumatatu. Sijui nisemeje kuhusu Jumatatu zilizofuata. Kazi ile niliikataa, zahanati wakanunua pampu nyingine, na brashi yenye kutu nikaifungia kwenye kopo kama ushahidi. Kesi yenyewe nilikuwa nikiisikiliza peke yangu, na kila mara nilishinda.

Juzi asubuhi Mama Maji akaingia na gunia. Ndani yake lilikuwamo bodi lile lile.

"Pampu mpya imeungua," alisema. "Wauguzi wanabeba ndoo. Hili lilikuwa nyuma ya tangi."

"Mama, hili si lilitushinda?"

"Liliwashinda mkiwa wawili. Labda mmoja ataliweza." Akatazama kile kiti. "Na hicho cha nani, fundi? Cha jini?"

"Cha jini."

"Basi mfutie vumbi, hata jini ana staha yake."

Alipoondoka nilifunga mlango nusu. Nilisaga mshono wa zamani wote mpaka nikaiona alumini yenyewe. Nikaiosha mafuta kwa asetoni, nikaacha ikauke, nikaipasha moto polepole. Nikachana karatasi ya brashi mpya niliyoinunua wiki iliyopita. Brashi ile haikuwahi kugusa chuma wala mkono wa Pacha.

Nikapitisha moto mtupu. Vitone vyeusi vikapanda.

Nikazima, nikasugua, nikapitisha tena. Vyeusi tena. Mara ya tatu, hivyo hivyo. Mara ya nne nilivua kofia nikakaa. Chumvi na mafuta vilikuwa vimezama ndani kabisa, tangu pampu ilipokuwa ikifanya kazi kisimani. Uchafu ulikuwa wa pampu. Haukuletwa na brashi yoyote.

Nikafungua kopo. Mchana, karibu na mlango, niliitazama brashi ya zamani kama ambavyo ningepaswa kuitazama siku ile. Kutu ilianzia kwenye tundu la mpini, pale ilipotundikwa, ikateremka mstari mmoja hadi kwenye waya wa juu. Kwingine kote ilikuwa safi. Nikainua macho ukutani. Msumari bado ulikuwapo, mwekundu kwa kutu, chini ya bati linalovuja wakati wa mvua. Msumari huo niliupiga mimi.

Nilirudi kwenye kazi kwa sababu sikujua pa kwenda. Mara ya saba alumini ikayeyuka ikang'aa kama kioo. Nikajaza waya, nikaacha ipoe, nikalijaza bodi maji. Halikuvuja hata tone.

Namba ya Pacha naijua kwa kichwa.

"Ni mimi," nilisema.

"Najua. Namba yako sikuifuta."

Nikamwambia kila kitu, haraka, mpaka msumari. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Umeitapisha mara ngapi?" akauliza.

"Saba."

"Na siku ile ya kwanza?"

Nilikumbuka foleni ya wateja mlangoni, nikakumbuka na sauti yangu.

"Mara mbili."

"Mimi nilisema nini?"

"Ulisema bado."

"Na nani alisema inatosha?"

"Mimi," nilisema. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuonea."

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akiosha vyombo. "Haya, na wewe umetapika," alisema, na nilisikia anatabasamu kidogo. "Nilishakusamehe siku nyingi."

"Basi njoo. Kiti chako kipo. Sijamruhusu mtu akikalie."

"Sitakuja," alisema. "Sina kinyongo, nakuapia. Nilikungoja uniite mwaka mzima, mke wangu shahidi. Kila Jumatatu nilikuwa naweka kofia mlangoni. Halafu nikazoea."

Akaniuliza binti yangu hajambo, nikasema hajambo. Akaniambia nimsalimie, tukaagana vizuri, kama watu wanaofahamiana.

Jioni Mama Maji alikuja kulichukua bodi. Akaligeuzageuza, akapitisha kidole kwenye mshono. "Kumbe unaweza peke yako!"

"Naweza," nilisema.

Alipokwenda niling'oa msumari kwa koleo. Kisha nikachukua kitambaa na kufuta vumbi kwenye kiti cha Pacha, miguu yote minne. Sasa mtu yeyote anaweza kukikalia.