Mkono wa Sita kwenye Sinia

Jumamosi moja ya Agosti 2015, saa saba na dakika kumi mchana, familia ya mzee Zihindula ilikaa meza namba kumi na nne, kwenye mgahawa wa hoteli iliyo ndani ya uwanja wa mabembea makubwa, kando ya ziwa, Ohio. Kila mmoja alikuwa na utepe wa kijani mkononi. Tepe zilikuwa tano. Ghala analofanyia kazi Mugisho, huko Columbus, lilizitoa kwa siku ya familia za wafanyakazi.

Baba, Mama na Nsimire, mwenye miaka kumi na minne, walitoka Buffalo. Mugisho, kaka yake Nsimire, alitoka Reynoldsburg. Baba mdogo Mirindi aliendesha gari kwa saa tano kutoka Louisville, na viatu vya kazi bado miguuni. Waliingia Amerika kwa ndege moja, halafu kazi ikawatawanya kama maharage yaliyomwagika sakafuni. Wote watano hawakuwa wamekula pamoja tangu mwaka waliofika.

"Kila mutu ajichotee," Mugisho alisema. "Hapa unakula mpaka unachoka. Donc, musione haya."

Mama alizunguka meza za chakula mara mbili. Bugali, ugali wa kwao, haikuwepo. Kitu kilichofanana nayo kidogo kilikuwa viazi vilivyopondwa. Akajaza sinia moja, akachimba shimo katikati, akamimina kuku na mchuzi wake. Alipofika mezani akasukuma pembeni sahani za watu wote.

"Kila mutu na sahani yake, kama wagonjwa," alisema. "Mukule vizuri."

Baba aliomba. Wakapangusa mikono kwa tishu za maji. Baba akamega wa kwanza, akafuata Mirindi, kisha Mama, kisha Mugisho. Nsimire alipopeleka mkono wake, alikuta mwingine umetangulia kwenye mchuzi. Ulikuwa na kovu la makaa karibu na kidole gumba. Akahesabu mikono: sita. Kikafuata kiwiko, ukafuata mkono wa blauzi ya bluu, halafu Bulonza mzima, katikati ya Mama na Mirindi, na dumu la njano miguuni.

"Umechelewa," Baba alisema.

"Ni foleni ya maji, papa. Bomba moja, batu mia mbili."

Mirindi alisogeza kiti ampishe.

Bulonza ni mtoto wa kwanza, na alikuwa bado Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi. Miaka mitano nyuma, afisa wa kuandika familia za kwenda Amerika alimuuliza Baba: mnakula sahani moja watu wangapi? Mwezi huo Bulonza alikuwa ameposwa, na kwao binti aliyeposwa hali tena sahani moja na baba yake. Alikuwa anakula jikoni, peke yake. Baba ni shemasi, uongo haujui. Akajibu, "Batano." Wakaandikwa watano. Mchumba akaenda Kampala kununua viatu vya harusi, hakurudi. Bulonza alirudi kwenye sahani ya nyumbani, lakini faili ilikuwa imeshafungwa. Kila mwaka Baba anaandika barua, na kila mwaka anajibiwa kwamba faili ina watu watano.

"Kuku ya huku haina mifupa?" Bulonza aliuliza. "Sasa ilikuwa inatembea namna gani?"

"Ilikuwa na gari," Mugisho alisema.

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Bulonza akamgeukia Nsimire. "Na weye, umerefuka! Uko darasa la ngapi?"

"Ninth grade," Nsimire alisema, akainama.

"Bon. Muzungu wetu."

Nsimire alikuwa na mambo ya miaka mitano ya kumwambia dada yake. Usiku kitandani huwa anayapanga vizuri. Mchana huo hakuna hata moja lililotoka.

Mhudumu alikuja, msichana Mkenya anayesoma Columbus, na jina Edah kifuani. "Sorry, mama, huyu dada hana wristband."

"Ni dada yetu," Mugisho alisema.

"Naona, mnafanana kabisa. Lakini system inaonyesha watu watano. Si mimi, ni system." Akamletea Bulonza glasi ya maji. "Anaweza kukaa mpaka sinia iishe. Na msiende kuongeza, food imeshafungwa."

Basi wakaanza kula kwa ncha za vidole. Mirindi, ambaye hajawahi kuacha chakula kipoe, alimega vitonge vya ukubwa wa punje. Waliongea habari za sambaza, dagaa wa Bukavu, na mbuzi wa jirani aliyekula Biblia ya kwaya mpaka Zaburi. Hata hivyo, saa tisa kilibaki kitonge kimoja. Kwao kitonge cha mwisho ni cha kitinda mimba. Mwingine hakigusi, na kukiacha ni kumtukana aliyepakua.

Wote walimtazama Nsimire. Alikitia mdomoni, akakisukuma shavuni, na hakumeza.

Edah aliondoa sinia. Alilitazama shavu la mtoto, akamtazama Bulonza. "Haya, safari njema," alisema, akapangusa meza.

Bulonza alichukua dumu lake. Maegeshoni aliagana na Mugisho na Mirindi, akapanda kiti cha nyuma kando ya Nsimire. Gari lilipoingia barabara kuu, alimvuta kichwa mdogo wake na kuanza kumsuka, kwa vidole vigumu vilevile. Akamuuliza kuhusu shule, kuhusu theluji, kama ana rafiki. Nsimire aliitikia kwa kichwa tu. Angefungua mdomo, angemeza.

Bugali ingengoja. Viazi vile viliyeyuka vyenyewe, kidogo kidogo, na kabla ya mji wa Erie shavuni hapakuwa na kitu. Kiti cha kando kilikuwa kitupu, na unyevu pale dumu lilipokaa.

Mama hakugeuka. "Mwaka kesho tutabeba bugali yetu," alisema.

"Pale getini hawaruhusu chakula ya inje," Baba alisema.

Shule zilipofunguliwa Septemba, Nsimire alikwenda hivyo hivyo, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine wazi.