Kura ya Mikono

Bila pampu, shamba langu ni vumbi. Mvua ya huku mashariki ya Colorado haitoshi kulowesha kofia, kwa hiyo mahindi yote nayanywesha maji ya kisima, na kisima kinaendeshwa na umeme.

Umeme tunaupata kwa ushirika wetu wenyewe, wakulima na wafugaji. Ushirika nao unaununua karibu wote kwenye mtambo mmoja wa makaa ya mawe, kwa mkataba ambao utatuzika wengi wetu kabla haujaisha. Mtambo umezeeka. Kila ukikarabatiwa, gharama inatuangukia sisi. Vyama vingine vya ushirika vimeshajitoa, na mzigo wao tumebebeshwa sisi tuliobaki. Nilipiga hesabu zangu: bei ikipanda tena, nazima pampu.

Basi nikapeleka hoja kwenye mkutano mkuu. Tulipe faini, tuvunje mkataba, tununue umeme wa upepo.

Msimu mzima wa baridi nilizunguka kwa majirani. Mezani pa kahawa, pale kwenye ghala la nafaka, wazee waliitikia kwa vichwa wakasema, "Verlin, hapo umenena." Lavonne Huschka, anayefuga ng'ombe kaskazini mwa shamba langu, aliniambia, "Niko nyuma yako."

"Nyuma yangu, au nyuma ya mlango?"

"Nenda zako!" Akacheka.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Watu walikula nyama ya nguruwe na viazi vya kuponda, wakisubiri bahati nasibu ya kushindania friza. Hoja yangu ilipofika, mwenyekiti Emmett Rusk aliniuliza, "Mtoa hoja, tupige kwa karatasi au kwa mikono?"

"Mikono," nikasema. Sikufikiri mara mbili. Huku kwetu watu huuziana ng'ombe kwa kupeana mkono tu. Kura ya kujificha niliiona ni ya watu wa mjini.

Shemeji yangu Orrin akasimama. Ni kaka wa marehemu mke wangu, na amefanya kazi kwenye mtambo ule tangu ujana. Wenzake walikuwa wamejipanga ukutani na jaketi zao za kazi.

"Shemeji, mtambo ukifungwa nitakula nini? Upepo?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Utakula kwangu, kama kila Jumapili."

Wakacheka zaidi. Orrin hakucheka. Alikaa, akaukunja uso. Tangu mke wangu Marlys afariki, hakuna mtu mwingine ila yeye anayekaa mezani pangu.

"Wanaounga mkono," akasema Emmett.

Nikanyoosha mkono. Wale wa ukutani walikuwa wamegeuka kuutazama ukumbi, mtu kwa mtu. Lavonne aliinamia sahani yake. Wazee wa kahawa walikuwa wanatafuta tiketi zao za friza mifukoni.

"Mmoja," akasema Emmett, kwa sauti ya chini, kama anayenionea haya.

Nje, kwenye maegesho, Lavonne alinifuata. "Ungesema karatasi, ningekupa kura."

"Mkono ulikuwa mzito?"

"Mkwe wangu yuko kule mtamboni, Verlin. Alikuwa ananitazama."

Wengine nao walikuja kuniambia hayohayo, mmoja mmoja, kila mtu akisubiri aliyemtangulia aondoke.

Bei ilipanda kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Nikazima pampu. Nilikuwa nimezoea kulala na mngurumo wake, na usiku ule sikupata usingizi. Orrin alikuwa hajaja tangu mkutano, kwa hiyo asubuhi nikampigia simu.

"Unasemaje?"

"Nimezima pampu."

"Mahindi je?"

"Yatakauka."

"Pole, shemeji." Nikamsikia akikohoa. "Huku nako wameanza kupunguza watu. Wanasema mtambo hauwalipi."

"Na wewe?"

"Bado."

"Njoo ule Jumapili. Nitaoka nyama."

"Labda," akasema.

Nilioka pande kubwa la ng'ombe, na viazi. Hakuja. Nyama ile niliimaliza Jumatano.