Kamera Mbili na Lenzi Inayokohoa

Jana nilisinzia kwenye kochi kabla taarifa ya habari haijaisha, tumbo limejaa wali na moyo umejaa wasiwasi, na ndoto ikanikuta hapo hapo. Niliota nimesimama dukani kwa Fundi Kupaza, mchana kweupe, na kamera mbili za zamani zimekaa mkekani zimekunja miguu.

Kwanza nieleze wasiwasi wenyewe. Mama yangu, Bi Mwanamvua, hana picha. Ukiacha ile ya kitambulisho, ambayo ndani yake anafanana na mtu aliyekamatwa, hajawahi kupigwa picha ikatoka. Siku ya harusi yake marehemu baba alikataa kamera yake iguswe na mtu yeyote, akampiga picha bibi harusi wake yeye mwenyewe, filamu nzima. Ilipooshwa ikatoka tupu, haina hata kivuli cha sikio. Alikuwa amesahau kutoa kifuniko cha lenzi.

Msimcheke sana. Kamera za aina ile zina kidirisha pembeni. Wewe unachungulia kidirishani, lenzi inatazama kivyake, na kimoja hakimwambii mwenzake kitu. Lenzi inaweza kuwa imefunikwa gubigubi nawe unaona dunia yote inang'aa. Watu wa Muheza walimcheka baba mpaka anaingia kaburini, na Mama akazikataa kamera zote. Simu ndiyo kabisa. Husema simu ni kioo chenye kiherehere.

Sasa wiki iliyopita, bila kuombwa, akaniambia, "Mhina, Alhamisi unipige picha. Moja tu, na iwe kwa kamera kama ya baba yako. Ikiharibika, msiniambie tena habari za picha hadi mnanizika."

Alhamisi ndiyo leo. Mimi kazi yangu ni picha za pasipoti, kamera ya filamu sina. Fundi Kupaza anazo mbili. Ya Kijerumani ina kidirisha safi kama maji, lakini haina lenzi, na lenzi za kabila lake siziwezi hata nikiuza kochi hili. Ya Kirusi ina lenzi yake ya bei nafuu, lakini kidirisha kimefifia. Na kidirisha ndicho kila kitu, kwa sababu humo mtu unamwona mara mbili, mzito na mwepesi, nawe unazungusha lenzi mpaka wawili wawe mmoja. Usipowaona wakikutana, picha inatoka ukungu mtupu. Wiki nzima nilikuwa nashika hii naweka, nashika ile naweka, hadi Fundi akaniambia, "Mchagua jembe si mkulima, kijana."

Basi nikawa mbele ya ule mkeka.

"Shikamooni," nikasema, maana zote mbili zimenizidi umri.

"Marahaba," ikaitika ya Kijerumani. Palipopaswa kuwa na lenzi pana shimo, na sauti ilitokea humo. Ya Kirusi haikuitika. Ilikuwa inageuka huku na huku kutafuta nilikosimama. Lenzi yake ndogo ikakohoa.

"Ana nini?"

"Ukungu wa ndani," ikasema ya Kirusi. "Wa siku nyingi. Haumzuii kufanya kazi."

Fundi Kupaza alikuwepo, ila alikuwa amegeuka kipima mwanga. Kichwa chake kilikuwa cha kioo na ndani yake sindano inatetemeka. Hakuonekana kujali, nami sikutaka kuwa wa kwanza kulitaja.

"Mimi ndiye mshenga," akasema. "Utasema kupitia kwangu."

"Sikuja kuposa, Fundi. Nimekuja kuchagua kamera."

Sindano ikaruka hadi mwisho ikarudi. "Basi hujawahi kuchagua kamera."

Mlango wa uani ukafunguka. Lenzi za ukoo wa Kijerumani zikaingia kwa umri, zikaketi. Shangazi wawili wenye shingo ndefu walikaa mbele wakanikagua tangu kandambili hadi utosini. Mshenga akainamia kalenzi kadogo kuliko zote, akasikiliza, akanigeukia.

"Huyu ndiye mdogo wao. Wanataka macho yako yote mawili na moja la jirani."

"Jirani amekubali?"

"Jirani alishatoa. Wanakungoja wewe."

Nikajishika macho. Niliona aibu kusema siwezi, kwa hiyo nikasema nitakwenda kufikiri, kama tunavyosema madukani.

"Kwangu hakuna masharti," ikasema ya Kirusi, ikiuambia ukuta. "Ukoo wangu wote ni hawa watatu. Ukichukua mmoja, wanakuja wote. Mmoja anakohoa, mmoja amekwaruzika, mmoja ukimtikisa analia ndani."

"Ukipenda boga, upende na ua lake," akasema mshenga.

Nikachungulia kidirisha cha ya Kirusi. Niliona maziwa. Nikachungulia tena, nikaona maziwa yale yale, na ndani yake, mbali, honi ya treni.

Ukuta wa duka unaondoka. Tuko stesheni ya Muheza. Machungwa yamejaa jukwaani hadi kwenye dirisha la tiketi, na watu wanatembea juu yake bila kuteleza. Treni imesimama, inapumua. Mbele ya mlango wa behewa amesimama Mama, amevaa nguo za harusi, hina mikononi, na umri ni huu huu alio nao leo.

Mama yuko mara mbili.

Mmoja ni mzito, wa kawaida. Wa pili amesimama hatua moja kushoto kwake, mwepesi, rangi ya chai iliyozidi maji.

"Mhina, baba, umechelewa," anasema Mama.

"Umechelewa," anasema Mama wa pili, nusu neno nyuma.

Stesheni masta anakuja. Ni miguu mitatu ya chuma yenye kofia juu, na ameshika bendera.

"Abiria mmoja, kiti kimoja," anasema. "Huyu mzito anapanda. Huyu mwepesi anabaki."

"Anabaki wapi?"

"Hapa hapa. Watu watakuwa wanampita katikati. Watazoea."

"Huyo ni mama yangu!"

"Wote ni mama yako. Waunganishe kabla bendera haijagusa chini." Anaanza kuishusha.

Ninakimbia. Nataka niwakumbatie wote wawili niwabane wawe kitu kimoja, basi. Ninapobakiza hatua moja nyuso zao zinaanza kuyeyuka. Pua inakwenda. Nyusi zinakwenda. Mdomo unasema "mwanangu" na mdomo haupo.

"Rudi!" anafoka stesheni masta. "Chini ya mita moja haonekani mtu! Fundi hakukwambia?"

Fundi aliniambia. Ninarudi nyuma, na pua ya Mama inarudi taratibu. Mikononi nina kamera zote mbili. Ninainua ya Kijerumani. Kidirishani ninawaona wote wawili wazi kabisa, mpaka ushanga shingoni, lakini hakuna lenzi ya kuzungusha. Ninainua ya Kirusi. Lenzi ipo, inazunguka, na ninachoona ni maziwa.

"Mshika mbili moja humponyoka," anasema stesheni masta.

"Mimi haijaniponyoka hata moja," ninamwambia, sauti inataka kulia. "Ndiyo shida yangu."

Bendera imefika begani.

"Kuna pete," anasema mshenga nyuma yangu.

"Pete gani?"

"Ya kuunganisha. Hii inafunga kwa skrubu, ile inafunga kwa kubana. Pete inakaa katikati. Lenzi ya huku inavaa mwili wa kule."

"Fundi! Wiki nzima, mbona hukusema?"

"Uliniuliza ipi kati ya hizi mbili. Hukuniuliza kama zinaweza kuoana."

Anaitoa mfukoni, nyembamba, ya shaba. Shangazi wenye shingo ndefu wanasimama juu ya machungwa wote kwa pamoja. "Skrubu! Katika nyumba yetu! Na anakohoa!"

"Niacheni," inasema ya Kijerumani. Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake ikipungukiwa. "Nimekaa miaka na shimo usoni. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kunitazama."

Shangazi wanaketi. Pete inaingia, tak. Lenzi ndogo inajikaza yenyewe, mzunguko kwa mzunguko, inakohoa mara moja, inatulia. Ya Kirusi, iliyobaki na mdomo wazi kwapani mwangu, inauambia ukuta wa stesheni hongera.

Ninachungulia. Ninazungusha. Mama mwepesi anateleza kuelekea kwa Mama mzito. Bendera iko kiunoni. Lenzi inakohoa, Mama anaruka nyuma hatua nzima, naanza upya, jasho linaniingia machoni na siwezi kulifuta.

"Nimekaa sawa?" anauliza Mama.

"...kaa sawa?"

"Bado kidogo, Mama. Usiondoke."

"Niondoke niende wapi?"

"...ende wapi?"

Kidogo. Kidogo tena. Bega linaingia kwenye bega, hina inaingia kwenye hina, na mara naona Mama mmoja, mzito, kamili, anayenitazama. Naona furaha ambayo sijui niiseme vipi. Kidole kiko juu ya kitufe.

Mama anaitazama lenzi. Kisha anainamisha macho.

"Tazama huku, Mama."

Anazidi kuinama. Anatazama hina mikononi mwake.

"Mama, bendera iko magotini. Tazama huku."

"Bibi harusi hatazami watu," anasema chini chini. "Wala hasemi."

"Umeona nini?"

Magurudumu ya treni yanazunguka robo. Ninaanza kubonyeza, maana nitafanyaje, na hapo Mama anainua uso.

"Siku ile niliona," anasema. "Nilikiona kile kifuniko tangu picha ya kwanza. Baba yako anachuchumaa, anapanda kiti, anahema, ananiambia nitabasamu. Nami nimefundwa kwamba bibi harusi akifungua mdomo ameaibisha kwao. Nikanyamaza hadi filamu ikaisha. Wakamcheka maisha yake yote, Mhina, nami nikanyamaza maisha yake yote."

Anatoka mahali pake. Anakuja kwangu.

"Mama, usije! Mita moja! Utapotea!"

Anakuja. Kidirishani anagawanyika tena, halafu uso unayeyuka, pua, nyusi, macho, mpaka sioni mtu, naona rangi tu. Stesheni masta anapuliza filimbi. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku tuliyomzika baba, kwa sababu siku ile nilikuwa najua nimempoteza nani na sura yake ilikuwaje.

Nasikia vidole vikipapasa mbele ya kamera. Nasikia kitu kidogo kikibanduka.

"Hiki hapa," inasema ile rangi. "Yaani ninyi baba na mwana!"

Anakifunga kwenye pindo la khanga. Anarudi nyuma polepole, na kwa kila hatua anapata kitu: nyusi, pua, mdomo. Nazungusha. Wawili, wawili, wawili, mmoja. Bendera inagusa chini. Nabonyeza.

Tak.

Niliamka. Shingo ilikuwa imekakamaa na jua limeshaingia dirishani. Ule mlio ulikuwa wa komeo, Mama anafungua mlango wa uani. Simu ikalia. Alikuwa Fundi Kupaza, na nikamsikiliza kwa makini nisikie kama kuna sindano.

"Mhina, umeamua? Maana leo ndiyo Alhamisi yako."

"Shikamoo, Fundi. Mwili nachukua wa Kijerumani. Lenzi, ile ya Kirusi. Una pete ya kuunganisha?"

"Nadhani ipo kwenye droo, sijaitoa miaka. Nani kakufundisha? Haya, njoo. Ila lenzi utaichukua bila kifuniko. Jana nilikiacha mdomoni mwake nikafunga duka kwa mkono wangu. Asubuhi hii nafungua, kufuli nzima, kila kitu kipo, kifuniko hakipo. Hata panya wa Muheza sijui wana kazi nacho gani."

Nikakata simu. Mama aliingia na chai na maandazi, ameshaoga, amejipaka wanja, kitu ambacho sijamwona akifanya tangu matanga ya baba. Pindo la khanga yake lilikuwa limefungwa fundo. Noti ikikunjwa hutuna kidogo tu. Hili lilikuwa limetuna mviringo, pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa.

"Mama," nikasema, "pindoni una nini?"

Akaliangalia fundo kana kwamba naye ndiyo kwanza analiona. Akalibonyeza kwa kidole gumba, kingo zake zote kuzunguka, bila haraka. Hakulifungua. Akaniwekea kikombe mbele.

"Kunywa chai twende," akasema. "Leo sinyamazi."